Jina Lililoandikwa Ukingoni mwa Nishani

Siku tatu baada ya khitma ya marehemu bibi yetu, tuliketi sebuleni kwake mjini Tanga, watoto wake na sisi wajukuu, tukalifungua kasha lake la mvule. Vilitoka vitu tulivyovitarajia: msahafu uliofungwa kwa kitambaa cheupe, doti mbili za kanga ambazo hazijapindwa, hati ya nyumba, na chini kabisa kopo la tumbaku lililoshika kutu. Ndani ya kopo mlikuwa na vipande viwili vya madini vya mviringo, kimoja cha fedha na kimoja cha bronzi. Tepe zake zilikuwa zimeoza na kubaki nyuzi tu.

Mjomba wetu mkubwa alikiweka kile cha fedha kiganjani, akakipima kwa mkono. "Hii ni fedha halisi," alisema. "Ipelekwe kwa sonara ipimwe, kila mrithi apate fungu lake." Hakuna aliyemlaumu. Mali ya marehemu ni ya warithi wote, na si halali mmoja wao kuihodhi kwa kuwa tu ndiye aliyewahi kuishika. Lakini shehe aliyekuja kutuongoza katika mgawanyo wa mirathi alikiomba kile kipande, akakigeuza upande mmoja na wa pili, kisha akakisogeza penye mwanga wa dirisha. "Kabla ya kuipima," alisema, "isomeni. Hapa ukingoni pana maandishi."

Tangu siku hiyo tuliingia katika elimu ambayo hatukujua kuwa ipo, elimu ya wakusanyaji wa nishani za vita za Uingereza na watafiti wa maisha ya watu waliozipewa. Tumeona tuwashirikishe wasomaji wetu, kwani tuna yakini kuwa makopo ya namna ile yamo katika nyumba nyingi za Waislamu wa Afrika Mashariki, na mengine yako njiani kuelekea kwa masonara.

Nishani ya vita ni nini

Nishani za kijeshi ziko za aina nyingi. Zipo za ushujaa, anazopewa mtu kwa kitendo maalumu. Zipo nyingine ambazo hupewa kila aliyeshiriki katika vita fulani, awe jenerali au mpishi wa kikosi. Hizi za pili ndizo zinazowashughulisha wakusanyaji wengi, na ndizo zilizokuwa ndani ya kopo la bibi.

Kwa Waingereza, desturi ya serikali kumpa nishani kila askari bila kujali cheo ilianza na vita vya Waterloo vya mwaka 1815. Nishani ile ilikuwa ya fedha, na ukingoni mwake liliandikwa jina la aliyepewa. Baadaye, mwaka 1848, ilitolewa nishani nyingine kwa ajili ya vita vilivyopiganwa tangu 1793 hadi 1814. Walioipata ni wale tu waliokuwa hai hadi siku hiyo na wakajitokeza kuiomba. Maelfu ya wenzao walikwishatangulia kaburini bila kitu. Kwa hiyo tangu mwanzo, nishani zimekuwa na sura mbili: humkumbuka aliyeorodheshwa, na kwa kimya chake humsahau asiyeorodheshwa.

Jina lile la ukingoni ndilo lililozaa uraibu huu. Sarafu mbili za mwaka mmoja hazitofautiani, lakini nishani mbili za vita vimoja haziwezi kuwa sawa, maana kila moja ni ya mtu mmoja aliyekuwa na mama, kijiji na ajali yake. Mkusanyaji makini hanunui fedha wala bronzi. Hununua jina, kisha hutumia miezi au miaka kulitafutia mwenyewe. Kwanza huhakikisha kuwa maandishi ni ya asili, kwa kuwa wapo wadanganyifu wanaokwangua jina la mtu wa kawaida na kuandika la mtu mashuhuri. Nishani iliyokwanguliwa hupungua kipenyo, ndiyo maana wajuzi huipima kwa kifaa kabla ya kutoa fedha zao. Kisha hutafuta orodha ya kikosi ili aone kama kweli mtu huyo alistahiki. Mwisho huifuata njia ya askari: alisafiri wapi, aliumwa nini, alirudi au hakurudi. Huko Uingereza wanayo hata jumuiya yao ya utafiti wa nishani, iliyoanzishwa mwaka 1942.

Ukingo ukizungumza

Tuliazima kioo cha kukuzia maandishi. Nishani ya fedha ilikuwa na kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja. Upande wa pili alikuwapo mtu aliyepanda farasi, pamoja na miaka 1914 na 1918. Hiyo ndiyo Nishani ya Vita ya Uingereza. Ile ya bronzi ilikuwa na sura ya mwanamke mwenye mabawa, nayo ndiyo Nishani ya Ushindi. Tulielewa papo hapo kwa nini bibi hakuzitundika ukutani mwa chumba alichosalia. Mtu asiyependa masanamu ndani ya nyumba yake angeziweka pale pale alipoziweka yeye, chini ya msahafu na chini ya kanga, zimetunzwa lakini hazionyeshwi.

Ukingoni, herufi ndogo zilizogongwa kwa mashine zilizunguka nusu ya duara: namba ya askari, cheo chake, jina lake, jina la baba yake, kisha tarakimu 6 na herufi K.A.R. Jina lilikuwa la mzee wetu, baba yake bibi, ingawa karani aliliandika kama lilivyosikika katika sikio la mgeni, herufi moja imeongezwa na nyingine imemezwa. Hizo herufi tatu za mwisho zilitusimamisha sote. Ni kifupisho cha King's African Rifles, jeshi la Kiafrika la mfalme wa Uingereza, lililoundwa mwaka 1902, ambalo wazee wetu wengi walilijua kwa jina la Keya.

Marehemu bibi alizoea kusema: "Baba yangu aliwatumikia wafalme wawili, na hakuna hata mmoja aliyemshukuru." Tulikuwa tukicheka. Tulidhani ni maneno ya uzee, kwa sababu tulijua kutoka shuleni kuwa Tanga ilikuwa chini ya Wajerumani, na kwamba Novemba 1914 askari wa Mjerumani waliwashinda Waingereza walioletwa kwa meli kutoka India kuuteka mji huu huu. Mtu wa Tanga wa zama hizo aliwezaje kuwa Keya?

Jibu lilikuwa katika ile tarakimu 6. Vita vilipoanza, Keya ilikuwa na batalioni 3 tu. Vilipokwisha zilikuwa 22. Batalioni ya 6 iliundwa mwaka 1917, na waliojazwa humo walikuwa waliokuwa askari wa Mjerumani. Waliokamatwa vitani au kubaki nyuma jeshi lao liliporudi kusini walivalishwa sare mpya, wakapewa bunduki nyingine na kuambiwa adui sasa ni yule aliyekuwa bwana wao jana. Batalioni hiyo ilibaki Tanganyika baada ya vita, na mwaka 1961 ndiyo ilikuwa miongoni mwa vikosi vilivyogeuka kuwa jeshi la nchi huru.

Hatuwezi kula kiapo kuwa tumezijua siku zote za mzee wetu. Lakini usemi wa bibi, tulioufanya kichekesho kwa miaka 40, ulipata shahidi wa madini. Mjomba, aliyekuwa na haraka ya sonara, ndiye aliyenyamaza kwa muda mrefu kuliko sote. Kisha akasema, "Basi mama alikuwa akisema kweli."

Fahari au aibu?

Mmoja wa vijana aliuliza swali ambalo huenda msomaji naye analo. Je, kuna heri gani kwa Muislamu kutunza nishani ya mtawala wa kikoloni? Swali hili halipaswi kukwepwa.

Ni kweli kwamba Keya ilitumwa mahali ambapo sisi leo tunaona uchungu kupakumbuka. Nishani ya Utumishi wa Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1902, huvaliwa pamoja na vibao vidogo juu ya utepe, kila kimoja na jina la vita vyake. Kimojawapo ni cha Somalia, cha miaka 1902 hadi 1904, ambako askari wa Kiafrika, wengi wao Waislamu, walipelekwa kupigana na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, nao ni Waislamu. Cha mwisho ni cha Kenya, kwa ajili ya vita dhidi ya Mau Mau vya miaka 1952 hadi 1956. Na katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakati dola ya Uthmaniya ilipotangaza jihadi dhidi ya Uingereza mnamo Novemba 1914, Waislamu wa nchi zetu walikuwa tayari wamo katika mistari yote miwili ya moto. Walifunga Ramadhani moja na kuelekea kibla kimoja, na kulipopambazuka walilengana bunduki.

Wapo waliojiunga kwa hiari kutafuta mshahara, wapo waliorithi kazi hiyo kwa baba zao, kama Wanubi ambao wazee wao walikuwa askari wa Kisudani na ambao wajukuu wao wangali wakiishi Kibera jijini Nairobi. Na wapo waliochukuliwa kwa nguvu. Sisi hatukuwa nao hata tuwahukumu; hisabu yao iko kwa Mola wao. Lakini kumjua mtu si kumsifu aliyemtuma. Tukiitupa nishani kwa kuwa ina kichwa cha mfalme, mfalme hapotezi kitu, kwa sababu sura yake iko katika maelfu ya nyingine. Anayepotea ni yule aliyeandikwa ukingoni, ambaye hana sura mahali pengine popote.

Wale wasio na ukingo

Mzee wetu, pamoja na yote, alikuwa miongoni mwa waliobahatika. Wengi zaidi hawakuandikwa popote. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa mahali pasipo na barabara wala reli za kutosha, na mbung'o waliwaua punda na farasi. Hivyo risasi, unga na dawa vilibebwa vichwani mwa watu. Inakadiriwa kuwa wapagazi waliotumika upande wa Uingereza walifikia takriban milioni 1, na hesabu inayotajwa mara kwa mara ya waliokufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si chini ya 95,000. Jina la soko letu la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Kila siku watu wananunua vitunguu na vitambaa juu ya kumbukumbu hiyo pasipo kuijua.

Sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927 ina maandishi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, tena Kiswahili hicho kimeandikwa pia kwa herufi za Kiarabu ili wazee wa zama zile wasome. Lakini haina jina hata moja. Mwaka 2021, taasisi ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilichapisha ripoti ya kamati yake maalumu na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Magharibi na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi Aprili mwaka huo. Kwa familia iliyopoteza mtu mwaka 1917, radhi ya mwaka 2021 imekuja baada ya vitukuu kuzeeka.

Mahali pengine majina yaliokolewa kwa sababu tu kuna mtu aliyetunza daftari. Katika Jumba la Makumbusho la Lahore, nchini Pakistani, zilikaa kwa karibu karne nzima orodha za askari wa Punjab, kijiji kwa kijiji, wapatao 320,000, Waislamu, Masingasinga na Mabaniani. Zilipoanza kuwekwa kwenye mtandao mwaka huo huo wa 2021, watu waliozaliwa Uingereza waliweza kusoma habari za mababu wa mababu zao kwa mara ya kwanza. Hata Waingereza wenyewe wameonja hasara hii. Majalada mengi ya askari wao wa vita vile yaliungua London wakati wa mashambulizi ya mabomu ya Septemba 1940, na kwa wengi karatasi pekee iliyosalia ni kadi ndogo ya nishani, ambayo nakala yake inatunzwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa iliyopo Kew.

Nyota zisizosema

Familia ambazo wazee wao walipigana katika Vita Vikuu vya Pili zinahitaji tahadhari zaidi. Askari wetu wa Keya walikwenda Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua na malaria hadi kuufikia mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Waliporudi walipewa Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma na nishani nyingine za vita hivyo.

Zile nyota zina ncha sita na rangi ya shaba. Utepe wa Nyota ya Afrika una rangi ya mchanga wa jangwani. Ni nzuri kuzitazama, lakini Uingereza ilizitoa bila kuandika jina ukingoni wala mgongoni. Afrika Kusini na Australia ziliandika majina ya askari wao. Wa kwetu walipewa nishani tupu. Ukiichukua Nyota ya Burma ya babu yako na kuichanganya na nyingine mia moja, hakuna mjuzi duniani atakayekurudishia ya babu yako. Kinachoifunga nishani hiyo na mtu wake ni cheti cha kuachiwa jeshi, kisanduku chenye anwani kilichoiletea, picha moja iliyofifia, au kauli ya mjane wake. Vikitenganishwa vitu hivi, nishani inageuka kuwa kipande cha shaba.

Na za fedha zina hatari yake. Mwaka 1980 bei ya fedha ilipopanda ghafla duniani, nishani nyingi za Vita Vikuu vya Kwanza ziliyeyushwa, kwa kuwa thamani ya madini ilizidi thamani ambayo watu waliipa jina.

La kufanya nyumbani

Kutokana na tuliyojifunza, tunawausia wasomaji wetu mambo machache, na yote yanaweza kufanywa jioni moja pamoja na watoto.

Nishani ikipatikana, isisuguliwe kwa majivu wala dawa ya kung'arisha, kwa sababu herufi za ukingoni hulika. Ipigwe picha pande zote mbili na ukingo wote, mahali penye mwanga wa jua la asubuhi. Maandishi yanakiliwe kama yalivyo, hata yakiwa na makosa, kwa kuwa ndivyo karani alivyoliandika jina hilo katika orodha, na anayelitafuta kwa tahajia sahihi hatalipata. Zilizokuwa pamoja zisitenganishwe, kila mtoto akachukua yake. Ni kama kurarua kitabu ili kila mmoja apate ukurasa.

Wazee waulizwe mapema. Bibi zetu wanajua majina ya vikosi kwa matamshi ya zamani, nyimbo walizoimba askari, na kovu lilikuwa mguu upi. Maneno hayo yaandikwe na kuwekwa pamoja na nishani. Ikiwa mzee alifia vitani, orodha ya taasisi ya makaburi ya vita inaweza kutafutwa bila malipo kwenye mtandao. Ikiwa alirudi, daftari za kila siku za batalioni nyingi zimehifadhiwa kule Kew, na humo mtu anaweza kujua kikosi kilivuka mto gani na siku gani, hata kama jina la askari wa kawaida halikutajwa.

Atakayeamua kuuza, na huenda dhiki ikamlazimu, basi kwanza awashauri warithi wenzake, na asiende kwa sonara. Wapo wakusanyaji wanaothamini jina, na baadhi yao wameziandikia familia habari ambazo familia zenyewe hazikuwa nazo. Lakini nakala ya maandishi na picha zibaki nyumbani. Chuma kinaweza kuondoka. Habari isiondoke nacho.

Sisi tulifanya hivi. Kwa mwongozo wa shehe, nishani zilithaminiwa, waliotaka mafungu yao walilipwa, na waliobaki walikubaliana zikae mikononi mwa mmoja kama amana. Mjomba alikataa fungu lake. Aliomba daftari jipya la shule, akaandika kwa mkono wake namba, cheo, jina kama karani alivyolikosea, na chini yake jina kama mama yake alivyolitamka. Akaliweka daftari ndani ya kasha la mvule, juu ya kopo.

Khitma iliyofuata, kwa mara ya kwanza, tulipotaja wazee wetu waliotutangulia, alitajwa na yeye kwa jina lake na la baba yake. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu wale wote waliobeba mizigo na silaha za wengine wakafa mbali na kwao, ambao hakuna ukingo uliowaandika, lakini kwa Mola wao hakuna aliyesahauliwa. Amin.